Namba ya Marehemu

Mungu anisamehe, nilimtania rafiki yangu, fundi kompyuta aliyeoa mjane: "Bwana, duka la mtandaoni ni la mkeo, lakini ufunguo bado anao marehemu." Maneno yale yakamkaa rohoni, kwa kuwa tovuti ile ilijengwa na mume wa kwanza.

Jioni moja akaketi kuiimarishia ulinzi. "Wezi wa mitandaoni hawalali, mke wangu," alisema, ilhali aliyemkosesha usingizi alikuwa kaburini. Akabadilisha nywila. Ikabaki kufuta namba ya simu ya marehemu, iliyokuwa ikipokea ujumbe wa kuthibitisha. Mara umeme ukakatika, nyumba ikajaa kiza, isipokuwa mwanga wa kompyuta yake mpakato, iliyokuwa na betri. Akabonyeza "Futa".

Tovuti ikajibu: "Subiri mwenye namba aridhie."

Ndani ya kabati kitu kikatetema juu ya mbao.

"Simu ya nani hiyo?" mkewe akauliza gizani.

Akaenda kupapasa. Ilikuwa simu ya marehemu, iliyotolewa betri tangu msibani, nayo ilikuwa na joto kama iliyotoka mkononi mwa mtu. Aliporudi, kompyuta iliandika: "Mwenye namba amekataa."

Nakuomba, ukimtembelea, usimtanie.