MUME WANGU ALIKATAA KUFUNGUA TUNDU LA HEWA CHUMBANI KWA BABA

"Fungua!"

"Sifungui, shemeji."

"Nasema fungua hicho kibao tuone kilichopo nyuma yake!"

"Sifungui."

Basi kaka yangu akaishika ngazi kwa mikono miwili... AKAIVUTA!

Mume wangu alikuwa juu kabisa, kichwa kinakaribia kugusa dari. Nilimwona akipapasa ukuta kutafuta pa kushika, na ukuta ule hauna pa kushika, jamani. Akaanguka kwa ubavu, mkono wa kulia ukabaki chini yake. Mlio wa mfupa niliusikia mimi niliyekuwa mlangoni na beseni la maji.

Na haya yote yalitokea mbele ya baba yetu mgonjwa, kalala kitandani, hana hata nguvu ya kuinuka awaamulie.

"Mwongo mkubwa wewe!" kaka akafoka. "Unamdanganya mtu anayepigania pumzi?"

Mume wangu alimtazama baba, baba akageuzia uso ukutani.

Ndugu zangu mnaosoma, hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, na tafadhali msinivamie inbox kabla hamjamaliza kusoma. Nawajua.

Nyumba ya wazazi wangu ni ya zamani. Aliijenga babu. Kuta ni nene kiasi kwamba mtu mzima anakaa dirishani na kikombe chake cha chai na bado nafasi inabaki. Juu ni mabati, chini ya mabati kuna dari la mbao. Babu alipiga lipu ya chokaa, na kule juu karibu na dari akaacha matundu, ya nje na ya kati ya chumba na chumba, ili upepo uingie upande huu utokee upande ule.

Halafu ikaja tamaa ya usasa.

Ikapigwa lipu ya saruji. Ikapakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Matundu yakazibwa, eti yanaingiza vumbi na popo. Nyumba ikapendeza, watu wakapita wakisifia.

Sasa sisi tunaishi kwenye joto la unyevu. Chumvi inalowa kwenye kopo. Ukisahau viatu uvunguni, unavikuta vimeota ukungu. Nyumba ikishazibwa kila mahali, maji yaliyomo ukutani yatatokea wapi? Mchana mabati yalichoma, alfajiri yakadondosha maji juu ya dari, na kuta zikawa zinatoka jasho kuliko sisi wenyewe.

Baba kifua kikamkamata humo.

Daktari hakuzunguka. "Dawa nitampa," alisema, "lakini chumba kiwe kikavu na kiwe na hewa. Bila hivyo tunajichosha bure."

Mume wangu ni fundi wa dari na lipu. Mimi mwenyewe humwita Fundi, hata nikiwa nimekasirika. Tukahamia pale kwa wazazi, mimi nimuuguze baba, yeye aitengeneze nyumba. Vifaa alinunua kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Radi. Jina halikukosea njia. Ana moyo mzuri yule mtu, ila hasira yake inafika kabla yake.

Fundi alifanya kazi, jamani! Alibandua saruji yote chumbani kwa baba, akauacha ukuta ukauke, akarudisha chokaa. Chini ya mabati akatandaza ile karatasi ya kung'aa, akaacha upenyo joto litokee kileleni mwa paa. Juu ya dari akapanga magodoro membamba ya kuzuia joto. Kisha akazibua matundu ya babu, moja baada ya jingine.

Kila tundu alilitengenezea kibao chake cha mbao, chenye mianya midogomidogo ya kupitisha hewa na wavu wa mbu. Kinatoka na kurudi, ili kisafishwe. Mama ndiye aliyefundishwa namna ya kukitoa apanguse vumbi.

"Mama, usikisukume kwa nguvu," Fundi alimwambia. "Kiinue kidogo tu, kinakuja chenyewe."

"Mimi nimelea watoto watukutu, kibao kitanishinda?" mama akacheka.

Nyumba ikapoa! Mchana wa jua kali unaingia ndani unahisi umevuliwa koti. Baba akaanza kukaa kitini. Akaanza tena kunilalamikia kuhusu sukari kwenye chai. Nilifurahi, maana mgonjwa akianza kulalamikia chai ujue anarudi.

Mvua zikaanza.

Vyumba vyote vikabaki vikavu... isipokuwa cha baba!

Ukungu mweusi ukatokea kwenye kona, ukapanda mpaka juu ya kitanda. Harufu ikarudi. Baba akarudi kulala chali mdomo wazi, anavuta hewa kama anapandisha ndoo kutoka kisimani. Fundi akahangaika. Alikagua mabati, hayavuji. Akagonga ukuta, mzima. Kisha siku moja akabaki peke yake na baba mle chumbani, na alipotoka alikuwa kimya.

Ndipo Radi akaja na mke wake na watoto kumwona baba. Akaingia, akanusa, akapanda juu ya meza, akanyoosha mkono akaweka kiganja kwenye kibao.

"Mbona hapa hapatoki hewa?"

Akajaribu cha pili. Hakuna.

"Haya ni mapambo! Huyu mtu hakutoboa kitu. Kabandika vibao ukutani tuone pazuri!"

Fundi akaitwa. Akaletewa ngazi. Akapanda, akashika kibao... akasita. Yaliyofuata mmeshayasoma.

Mkono ulivunjika. Akafungwa plasta kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko. Mkono wa kulia wa fundi, mnaelewa? Tuliporudi kutoka hospitali, Radi alikuwa ameketi sebuleni, hataki hata kumtazama.

"Huyu aondoke," aliniambia. "Na wewe dada uamue. Uende naye au ubaki umuuguze baba."

"Kaka, unaniambia nimchague nani kati ya mume na baba?"

"Mimi sikutuma mtu adanganye."

Nikamfuata Fundi chumbani kwetu. Alikuwa anakunja nguo kwa mkono mmoja. Kumwona akihangaika na shati vile, moyo wangu ulipasuka.

"Niambie kweli. Ulitoboa au hukutoboa?"

"Nilitoboa. Ulinipa maji nikiwa juu ya ngazi, umesahau?"

"Sasa kwa nini hukufungua wakaona? Ungefungua tu, yangeisha!"

Akaendelea kukunja shati lile lile.

"Hilo si langu kulisema, mke wangu."

"La nani?"

Akalikunjua shati, akaanza upya.

Nilikasirika! Nawaambia ukweli, nilitaka kumvunja na ule mkono mwingine. Nikatoka nikaenda moja kwa moja chumbani kwa baba. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Nikavuta meza, nikaweka stuli juu yake, nikapanda.

"Mwanangu," baba akasema kwa sauti ya kukwama, "shuka."

"Sishuki, baba."

"Shuka, nakuomba."

Sijawahi kusikia baba akimwomba mtu. Alikuwa msimamizi wa bohari, amri ndiyo lugha yake. Lakini mkono wangu ulishakifikia kibao. Nikakiinua kidogo. Kikaja chenyewe.

Nyuma yake... vitambaa!

Vimeshindiliwa kabisa! Nikavuta shati kuukuu la baba. Nikavuta foronya. Nikavuta sweta la mama. Vyote vimelowa, vimeota ukungu mweusi, vinanuka mpaka nikakaribia kutapika. Nilipotoa kitambaa cha mwisho, upepo ukanipiga usoni.

Na sauti zikaja nao. Nilimsikia wifi yangu, mke wa Radi, chumba cha pili, akimwambia mtoto avae vizuri. Nilimsikia utadhani tumesimama pamoja. Hata pumzi ya yule mtoto aliyekuwa ananung'unika niliisikia.

Nikageuka. Mama alikuwa mlangoni na nguo mkononi.

"Ni mimi," akasema. "Nimeyaziba mimi."

"Mama! Kwa nini? Baba anakosa hewa!"

"Usimgombeze," baba akasema kitandani. "Nilimwambia mimi. Alikataa, nikamlazimisha."

Nikashuka. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake.

"Baba, kwa nini?"

Alichukua muda kupata pumzi ya kunijibu.

"Kifua kikibana, mwanangu... nalia. Siwezi kujizuia. Nilidhani nalia mimi na mama yenu tu. Siku ile kabla ya mvua, watoto wa Radi walipokuja kulala hapa, nikamsikia yule mdogo kupitia juu huko. Akauliza, 'Babu naye hulia?' Mkamnyamazisha. Wote mkanyamaza. Nikajua kumbe mnanisikia... kila siku mnanisikia."

Jamani.

Ni kweli tulikuwa tunamsikia. Na sisi tulikuwa tunanyamaza ili asijue kwamba tunamsikia. Tulidhani tunamheshimu!

"Na Fundi?"

"Aligundua. Alikishusha kibao kimoja akaona. Akanisihi tuvitoe, nikamwapisha asimwambie mtu. Nikamwambia anipe siku kidogo nijizoeshe kunyamaza, kisha tutafungua." Machozi yakamshuka, yakaingia masikioni, hakuyafuta. "Kaanguka pale kwa ajili yangu, nami nikageukia ukutani. Mtu mzima mimi. Nikamwacha aitwe mwongo."

Mama akaziachia zile nguo safi zikaanguka chini, akaja akakaa upande wa pili. Tukalia watatu, kwa sauti, matundu yakiwa wazi.

Bila shaka chumba cha pili walisikia. Mlango ukafunguliwa, Radi akasimama. Akaona sweta la mama sakafuni, akaona shati la baba, akanitazama mimi, kisha baba.

Baba akamweleza mwenyewe. Alitaka aeleze mwenyewe.

Kaka yangu, yule mwenye sauti ya kutikisa vikombe, alikaa chini sakafuni akajishika kichwa. Baadaye alikwenda chumbani kwetu. Sikuingia, nilichungulia tu. Alikuwa anamenya chungwa, anamlisha Fundi kipande kimoja kimoja, maana Fundi hawezi kumenya.

"Shemeji..." akaanza.

"Kula na wewe," Fundi akamwambia.

Radi akatia kipande mdomoni. Nadhani yaliisha, au yalianza kuisha.

Tulitoa vitambaa vyote tukavichoma nyuma ya nyumba. Radi mwenyewe aliusugua ukungu ukutani, akapaka chokaa upya huku Fundi ameketi kitini anamwelekeza, "Nyembamba, shemeji, nyembamba, hupaki siagi." Chumba kikakauka. Baba akawa anapata usingizi.

Na akawa analia. Kifua kikibana analia, nasi tunakwenda. Mmoja anamshika mkono, mwingine anamkanda mgongo. Hata yule mjukuu mdogo alikuwa anapanda kitandani, anamfuta machozi kwa kiganja, kisha anaendelea na mchezo wake. Baba aliniambia ile ilikuwa raha kubwa kuliko dawa.

Ningependa niwaambie alipona.

Hakupona. Kifua kilikuwa kimeshaharibika. Alituacha mchana, upepo ukipita kutoka tundu la nje mpaka la ndani, chandarua kikicheza taratibu, na sote tukiwa mle chumbani. Nilimuuliza daktari kama zile wiki za kuziba hewa ndizo zilizommaliza. Akasema hawezi kujua. Mpaka leo swali hilo linanila, na mama linamla zaidi.

Mnaoishi kwenye nyumba za zamani, msizizibe. Msizivalishe saruji na rangi ya mafuta zikashindwa kupumua. Wekeni kizuizi cha joto juu ya dari, acheni chokaa kwenye kuta, acheni upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea. Hilo ni la nyumba.

La watu ni hili: ukimsikia mtu wako analia chumba cha pili, usijifanye hujasikia ukadhani unamsitiri. Unamfundisha kujificha. Baba yangu alichagua kukosa hewa kuliko kusikika, na sisi tuliompenda ndio tuliomfikisha hapo kwa kunyamaza kwetu.

Mama bado analala chumba kile. Hakutaka kuhama. Mchana, nyumba ikitulia, namsikia kupitia juu ya ukuta. Anaanza polepole, anajizuia, kisha anashindwa.

Naacha ninachofanya, naingia. Anasogea, ananiachia nafasi kitandani.