Mfiwa Mkuu wa Nakwa

Rosalia alikuwa amekaa juu ya jamvi katikati ya uwanja, kanga kichwani, akilia kilio cha uongo.

"Marehemu asubuhi alikuwa mzima kabisa," aliwaambia mashabiki waliomzunguka. "Mchana kalishwa tisini na moja, zikamkaa kooni."

Watu wa Nangara walicheka hadi wakashikana mabega. Timu yao ilikuwa imeifunga Nakwa tisini na moja kwa thelathini na nne. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga miaka ile, na tangu uanzishwe hakuna timu ya kikapu mjini Babati iliyowahi kuifanya Nakwa vile. Desturi ya mashabiki ilijulikana: anayefungwa vibaya anazikwa kwa mzaha palepale uwanjani, kwa beseni la majani na mfiwa mkuu. Safari hii walimtaka Rosalia, binti wa Nangara, kwa sababu mchumba wake, Filbert, ndiye kapteni wa Nakwa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu Joyness, mdogo wake, akamfunga kanga kwa mikono yake mwenyewe.

Upande wa pili Filbert alikuwa anafungua viatu bila kumtazama. Rosalia alijiambia kwamba jioni watayacheka yote. Jumamosi barua ya posa ilikuwa inakuja kwao.

Ndipo Anselimu, kiongozi wa mashabiki wa Nangara, alipoinama kumpa mkono wa rambirambi.

"Shemeji, bila wewe tusingefika hata hamsini."

"Bila mimi kivipi?"

"Si zile ishara? Filbert akishika sikio, anatupa mwenyewe kutoka mbali. Akigonga kifua, mpira unakwenda kwa yule mrefu. Vijana wamekariri wiki nzima."

Ishara zile Filbert alimfundisha yeye peke yake, uani kwao, akisema mke wa kapteni lazima ajue mchezo unavyokwenda. Naye alimsimulia mtu mmoja tu, wakiosha vyombo, kwa majivuno ya mwanamke anayependwa.

Alimtafuta Joyness kwa macho. Alikuwa amening'inia shingoni mwa Gerson, kapteni wa Nangara.

Simu ikatetemeka mapajani. Ujumbe wa Filbert:

"Wenzangu wanasema nimeuza mechi kwa ajili ya ukweni. Kocha anataka kunifukuza timu. Sikumwambia mtu ila wewe. Nijibu."

Rosalia aliinuka, akamvuta mdogo wake pembeni na kumwuliza kama alimpa Gerson zile ishara. Joyness alianza kwa kujifanya haelewi.

"Joy, usinione mjinga."

"Dada, Gerson alisema tukifungwa tena anawekwa benchi. Ningefanyaje? Halafu huu ni mchezo tu."

"Mwenzio wanamwita msaliti."

"Filbert anakupenda, atakusamehe. Mimi Gerson angeniacha."

Kwa hiyo alikuwa amepima. Alikuwa amemweka dada yake upande mmoja na mwanamume wake upande wa pili, akapima, huku usiku wanalala kitanda kimoja.

Rosalia alivua kanga, akakatiza uwanja. Mashabiki walidhani ni sehemu ya maigizo, wakampigia miluzi. Chini ya goli la mbali wachezaji wa Nakwa walimzingira Filbert, na Kocha Teodori alikuwa ameshaichukua jezi yake.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Umekuja kutuzika mara ya pili?"

"Nimekuja kusema ukweli. Filbert hakuuza mechi. Mimi alinifundisha ishara kwa mapenzi, nami nikamsimulia mdogo wangu, Joyness. Yeye akazipeleka kwa Gerson. Kama mnatafuta mdomo uliowafungisha, ni huu."

Wakatazamana. Kocha alisema kwamba mwanamke asiyelazimishwa hawezi kujivua nguo mbele ya watu kwa uongo. Akamrudishia Filbert jezi, wengine wakampigapiga bega, wakatawanyika.

Walibaki wawili.

"Ulijua, wakati unanililia pale?" Filbert aliuliza.

"Sikujua."

"Nakuamini."

Moyo wa Rosalia ulitaka kupanda, lakini Filbert alikuwa bado anaikunja jezi, polepole, kama mtu asiyejua aiweke wapi.

"Nilikupa kitu kimoja tu unitunzie, Rosa. Kimoja."

"Na Jumamosi?"

"Nitamwambia mjomba asije."

"Jumamosi nyingine je?"

"Sijui. Nikija kwenu atakayeninawisha mikono ni Joyness. Nitamwangaliaje?"

Akatia begi begani, akawafuata wenzake njia ya Nakwa. Rosalia hakumwita. Angemwita kwa haki gani?

Aliporudi, Joyness alikuwa anamsubiri, cheko lote limemtoka.

"Amesemaje?"

"Posa haiji."

"Mungu wangu. Mama tutamwambiaje?"

"Utamwambia wewe. Mbele yangu, na usiruke neno."

Joyness akaanza kulia, akitaka aachwe kwanza aongee na Gerson. Rosalia alimshika kifundo cha mkono, wakashika njia ya nyumbani. Nyuma yao Gerson aliita mara moja tu, "Joy!", kisha akapanda bajaji na wenzake, wakaenda kusherehekea.

Joyness aligeuka kutazama. Bajaji ilikuwa imeshakata kona.