Vigingi Chini ya Saruji
Wewe umewahi kupima chumba chako mwenyewe kwa futikamba? Elieshi alipima. Jumatatu mlango wa chumba cha binti yake, Kindness, uligonga kitanda ambacho siku zote ulipita bila kukigusa. Mumewe, Amedeus, akasema saruji mpya hutanuka. Alikuwa ofisa wa mkoa, hakukosa maelezo.

Jumatano chumba kilikuwa kimepungua hatua nzima.

Kilijengwa kwenye ardhi ya Bibi Xaveria. Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, viwanja vya Maisaka viligeuka dhahabu, na Bibi Xaveria, mjane asiye na mtoto, aliyepooza upande mmoja, alikuwa amelala katikati ya majirani wawili wenye nguvu: Amedeus upande huu, Marseli wa duka la vifaa vya ujenzi upande ule. Wakavuta kamba ya kupimia. Mpaka ukapita kwenye mlango wa jiko lake. Karatasi ya mpaka mpya ilisema bibi ameridhia, na alama ya dole gumba lake ilikuwepo, ya zambarau, safi kabisa. Akazikwa wiki hiyohiyo. Marseli akatoa jeneza. Watu wenye adabu, hao.

Alhamisi mchana sauti ikaanza chini ya sakafu: ko, ko, ko, kama mtu anapigilia kigingi, na kila pigo likapandisha harufu ya udongo uliofukuliwa asubuhi hiyo.

Wakamwita mzee Halidi, mganga wa Nakwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani anapima humu ndani?"

"Hakuna mtu," Elieshi alinong'ona.

Halidi akalaza sikio sakafuni, akainuka bila hata kufungua mkoba wake. "Majini ya kufukuzwa nayajua. Hili limekuja kudai mpaka, na mpaka sina dawa yake. Aliyetenda aseme kwa mdomo wake."

"Bibi aliridhia," Amedeus alisema. "Dole lipo."

Ko.

"Mama!"

Kindness alikuwa ameingia kuchukua daftari lake, na sasa mlango ulikuwa umebanwa na kitanda, na kitanda kimebanwa na ukuta, na ukuta ulikuwa ukisogea taratibu kama ng'ombe anayejiegemeza, ukisaga miguu ya kitanda, ukikunja nondo za dirisha, huku mtoto akilia kwamba hapati pa kuweka mguu na vile vigingi vikigongwa kwa haraka zaidi, vingi zaidi, pande zote mbili kwa pamoja.

"Baba Kindness, sema!"

"Niseme nini? Karatasi aliandika Marseli!"

"Ehee," Halidi alisema. "Na lawama nazo mnagawana?"

Amedeus akaupiga mlango bega. Haukutikisika. Ndani, kilio kikawa chembamba, kama cha mtu anayekosa pumzi.

Elieshi akapiga magoti, mdomo kwenye upenyo wa mlango. Vigingi vikanyamaza ghafla, vyote, kama watu wanaosikiliza.

"Ni mimi," alisema. "Si hawa. Nilimpelekea bibi uji asubuhi nikamkuta ameshakufa. Sikupiga yowe. Niliwaita Baba Kindness na Marseli walete karatasi kabla watu hawajajua, na wao waliogopa kumgusa. Mkono ulikuwa umekakamaa, bibi yangu. Nikakinyoosha kidole chako mimi mwenyewe, nikakipaka wino, nikakibonyeza."

Ukuta ukarudi nyuma, na mlango ukafunguka upana wa kidole.