Banjo Iliyokosa Petali Moja

Mnaosema natia chumvi, njooni mkitazame kidole gumba cha mdogo wangu, kisha mniambie.

Tunafanya kazi chumba kimoja. Mimi nashona nguo mbele, karibu na dirisha. Yeye yuko nyuma, anatengeneza magitaa na ala nyingine za nyuzi. Jumatatu asubuhi, hata chai haijapoa, akaingia mama mmoja mrefu aliyevaa glavu, na joto lote lile. Akaweka mezani banjo ya nyuzi nne.

Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Ngozi yake nyeupe ilikuwa imewambwa ikakaza. Mduara wake ulizungukwa na kulabu za rangi ya dhahabu, na mgongoni palichongwa majani hadi mishipa yake ikaonekana. Shingoni, chini ya nyuzi, yalipachikwa maua yanayong'aa kama ganda la chaza. Ua la mwisho lilikosa petali moja. Tundu lake lilikuwa tupu.

"Fundi, lijaze tu hilo tundu," mama yule alinong'ona. "Nitarudi Ijumaa."

Hakuacha namba ya simu. Machale yakanicheza.

Mdogo wangu akakata petali kwenye ganda la chaza, akaibandika kwa gundi. Jumanne tukaikuta sakafuni. Akabandika nyingine. Jumatano, sakafuni. Kwa hasira akaisugua kwa tupa petali moja ya zamani, ajue ni kitu gani. Ganda la chaza likipigwa tupa hutoa shombo ya samaki. Hii ilinuka ukucha ulioungua.

"Rudisha kitu cha watu," nikamwambia.

"Nimrudishie nani, dada? Acha uchuro." Lakini huku anasema, mkono wake ulikuwa unaipapasa ile shingo.

Jamani, niliogopa. Mikono ile ndiyo inayomlisha yeye na wanawe. Alhamisi nikafungia vifaa vyake vyote kabatini, patasi na tupa, ufunguo nikauvaa shingoni.

Ijumaa tukafungua mlango pamoja. Tundu lilikuwa limejaa. Petali imekaa sawasawa, hata unywele haupiti.

"Umefanya lini?"

"Sijafanya."

Akainua mkono kujikuna shavu. Nikaona. Kidole gumba hakikuwa na ukucha. Hakuna damu. Hakuna kidonda. Ngozi laini tu, kama hapakuwahi kuwa na kitu.

Mama yule alikuja, akachukua banjo yake. Mimi hakunitazama. Alitazama mikono ya mdogo wangu, muda mrefu, kama mteja anayechagua kitambaa.

Wiki mbili zimepita. Kabati bado limefungwa, ufunguo ninao. Leo mchana nilikuwa napitisha uzi kwenye sindano aliponiita kwa furaha, "Dada, njoo uone ufundi!"

Kwenye ubao wa meza yake ya kazi yamechongwa maua mapya, unga wa mbao bado umelala pembeni. Petali zote ni matundu matupu. Nimeyahesabu mara tatu. Tisa.

Nilipogeuka kumuuliza, alikuwa anajipimia kucha kwenye matundu yale, moja moja, na zote zinaenea.