Ngozi Kabla Haijafunga

Jua lilipozama kabisa ndipo msahihishaji wa vitabu alipothubutu kutoka kwenda kununua foronya mpya.

Mtaalamu wa ngozi, ambaye wateja wake walimwita Mama Sindano, alikuwa amemkataza jua, sabuni, poda na manukato. Asubuhi hiyo alimpitishia usoni kikalamu cha umeme chenye visindano, kutoka kwenye paji hadi kidevuni, ili makovu ya chunusi yafifie. Sasa ngozi ilikuwa ya moto, imevimba, imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho.

"Lalia foronya safi. Usijishikeshike," Mama Sindano alimwambia. "Na usikae peke yako mpaka ngozi ifunge. Unaishi na nani?"

"Na dada yangu," alijibu haraka.

Uongo mtupu. Lakini nani angependa kukiri, akiwa amelala chali huku anafutwa damu mashavuni, kwamba anaishi peke yake ghorofa ya juu, anasahihisha vitabu vya watu kutwa nzima, na tangu ahamie hapo hakuna ndugu anayeujua hata mlango wake?

Dukani hakuna aliyemsemesha. Muuzaji alimtupia jicho mara moja, akarudi kwenye simu yake.

Alipanda ngazi, akafunga mlango kwa komeo, akavisha mto foronya. Akapaka mafuta aliyopewa, kidogo kidogo, kwa ncha ya kidole alichokwisha kukiosha mara mbili. Kisha akakaa kitandani, asijue aifanyie nini jioni iliyobaki.

"Hodi..."

Akageukia mlangoni. Kimya.

"Hodi..."

Haikutoka mlangoni. Ilikuwa karibu mno, na ilikuja na harufu ya udongo mbichi. Akakaza masikio, akagundua kwamba wala haikupitia masikioni. Aliihisi shavuni, ndani ya lile joto, kama mtu aliyebandika midomo ukutani akinong'ona.

Angenyamaza. Lakini mtu akibishiwa hodi huitikia kabla hajafikiri, naye alikuwa hajabishiwa siku nyingi sana.

"Karibu," akasema.

Shavu likapoa.

Ghafla. Kama kaa la moto lililomwagiwa maji.

Kesho yake mchana alijitazama kiooni, akajitazama tena. Uvimbe umekwisha. Makovu hayapo. Mashavu yalikuwa laini, mazuri, mageni. Akampigia Mama Sindano.

"Inawezekana ipone haraka hivi?"

"Haiwezekani. Hebu mpe dada yako simu."

Akautazama mlango, komeo likiwa bado mahali pake.

"Dada yako yuko wapi?"

"Naishi peke yangu."

Mama Sindano akashusha pumzi. "Umesikia hodi?"

"Nimesikia."

"Na wewe ukakaribisha."

"Ningejuaje?"

"Wapo wasio na pa kukaa," Mama Sindano akanong'ona. "Ngozi iliyofunguliwa wao wanaiona nyumba. Wakikuta mko wawili, wanapita. Wapi bado pana joto?"

Akajigusa. "Kidevuni."

"Basi mtafute mtu wako. Aingie humo ndani, akushike uso, akuite jina lako. Kabla hapo hapajafunga."

"Pakifunga?"

Simu ilikuwa imekatwa.

Akampigia dada yake.

"Umekwenda kuchomwa sindano usoni kwa miguu yako mwenyewe?" dada akacheka. "Wewe? Uliyeingia uvunguni siku ya chanjo, ukavutwa kwa mguu?"

"Dada, njoo. Tafadhali."

Kicheko kikakoma. "Unaumwa?"

"Njoo tu."

"Nikitoka kazini nakuja moja kwa moja. Nielekeze mlango."

Alimwelekeza vizuri, kila kona, kila ngazi. Kisha akakaa sakafuni kando ya mlango, kidole kidevuni. Joto lilikuwa limebaki kipande cha ukubwa wa kifungo cha shati. Madirisha yalipoanza kufifia, lilikuwa dogo kama harage. Baadaye punje ya mchele.

Viatu kwenye ngazi. Karibu. Karibu zaidi.

"Hodi humu? Mdogo wangu?"

Akafumbua mdomo aitikie.

"Hayupo," mdomo wake ukasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima. Tulivu, ya mwenye nyumba.

Nje, dada akasita. "Samahani, mama. Nilielekezwa hapa, kwa msichana anayesahihisha vitabu."

"Alihama, mwanangu."

"Alihama? Mbona nimeongea naye leo leo?"

"Labda umekosea jengo. Haya majengo yanafanana."

Alitaka kuupiga mlango kwa ngumi, mikono haikumtii. Simu ikatetemeka mapajani. Mkono wake mwenyewe ukashuka, ukaizima. Viatu vikaanza kushuka, vikasimama. Vikashuka tena, mpaka visisikike.

Kidevu kikapoa.

Chumba kikawa giza. Hakulia. Hakuwa na hakika kama machozi bado ni yake. Kisha mkono ukapanda polepole, ukampapasa shavu, kama anavyopapaswa mtoto aliyegoma kulala.

"Umekula?" mdomo ukauliza, kwa upole.

Akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimuuliza hivyo. Hakukumbuka.

"Bado," akajibu.