Mshale Uliogoma Kwenye Tisini na Moja

Kila Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, Mastura alitoa mizani chini ya kitanda cha mama yake, akaifuta vumbi na kuiweka karibu na mlango. Hapo ndipo sakafu ilipokuwa sawa. Mama yake, Salima, alivua ndala akapanda. Mastura alichuchumaa kusoma. Macho ya mama hayakuziona tena tarakimu ndogo, na miwani hakuwa nayo, kwa hiyo kazi ya kusoma ilikuwa ya mtoto.

"Inasemaje?"

"Tisini na moja."

"Tena?"

"Tena, mama."

Salima alishuka, akavaa ndala zake. Hakuguna wala hakusonya. Alikwenda kuwasha jiko kama mtu aliyeambiwa tu kwamba leo ni Ijumaa. Hiyo ilikuwa Ijumaa ya saba mshale kusimama palepale.

Mastura alikuwa na miaka kumi na miwili, na alisoma darasa la sita. Walikaa Kiranjeranje, nyumba ya tatu kutoka barabara kuu. Baba yake, Shaaban, alilima korosho na ufuta. Mama alikuwa mama lishe. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, mahali ambapo madereva wa malori waliokuwa wakienda Lindi walisimama kula wali na mchuzi wa samaki.

Mwaka uliopita, Umi, dada mkubwa wa Salima aliyekuwa akiishi Sudi, alipata kiharusi akianika mihogo uani. Upande wake wote wa kulia ulikufa ganzi. Mastura alipokwenda kumwona, alimkuta akilishwa uji kwa kijiko, na uji mwingine ukimtoka pembeni mwa mdomo. Wiki chache baadaye Salima naye alipima afya. Presha yake ilikuwa juu, magoti yalikuwa yakimuuma, na uzito ulikuwa kilo mia moja na nne. Nesi Veronika wa zahanati alimwambia ameze vidonge kila siku na apunguze uzito taratibu.

Salima alitii. Aliacha sukari kwenye chai. Sahani yake ya wali ikawa nusu, na nusu nyingine akaijaza kisamvu au mchicha. Kila asubuhi alitembea na Mastura hadi kwenye mikorosho ya baba na kurudi. Kilo zilishuka moja baada ya nyingine, na magauni yakalegea mabegani. Majirani walianza kunong'ona.

"Salima, umechuja hivyo, una nini?" aliuliza mmoja.

"Nina miguu," Salima alijibu akicheka. "Natembea."

Kisha mshale ukagoma kwenye tisini na moja. Wiki ya kwanza Salima alisema ni bahati mbaya. Wiki ya tatu alipunguza hata kile kisamvu. Kufikia wiki ya sita hakusema chochote. Walitembea asubuhi bila kuzungumza, mama mbele, mtoto nyuma, na walipofika kwenye mikorosho waligeuka na kurudi. Mastura aliona kama miguu inakwenda yenyewe, haina habari na mwenye miguu.

Jioni moja, wakiwa wanakula, Salima alimwambia mumewe, "Baba Mastura, Ijumaa hii mshale ukiwa palepale, naacha. Kutembea, kujinyima, yote naacha."

"Umechoka?"

"Ningekuwa nimechoka ningelala, yakaisha. Sisikii kitu. Hasira sina, huzuni sina. Nikipanda pale ni kama anapimwa mtu mwingine."

Shaaban aliacha kula. Alimsogezea maji ya kunawa. Mastura aliendelea kumega tonge lake, lakini mbele yake alikuwa akiuona uji ule ukimtoka mama mkubwa pembeni mwa mdomo.

Ijumaa ilifika. Mama alipanda. Mshale ulicheza kidogo, ukatulia kwenye tisini na moja kamili.

"Inasemaje?"

"Tisini," alisema Mastura.

Mama hakushuka. "Tisini kamili?"

"Tisini kamili."

"Alhamdulillahi." Salima alitabasamu, na asubuhi hiyo walipokuwa wakitembea aliimba kwa sauti ya chini. Mastura alingoja furaha imjie na yeye. Haikuja. Ndani yake palikuwa kimya, kama darasani wakati wa likizo.

Ijumaa iliyofuata alisema themanini na tisa. Iliyofuata tena, themanini na nane. Uongo wa pili haukuwa mgumu kama wa kwanza, na wa tatu hakuusikia hata ulipomtoka. Mama alianza kuongeza kijiko cha wali kwenye sahani yake, akisema kwamba sasa anaweza. Kisha siku moja, akiwa ameshika pakiti ya vidonge vya presha, alisema, "Hivi navyo nitameza siku moja moja. Mwili umeshapungua, vya nini vingi hivi?"

Mastura alifungua mdomo. Akaufunga. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji.

Jumamosi ya pili baada ya siku hiyo, Mastura alikuwa akimsaidia mama kibandani. Madereva wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja chakula. Salima alikuwa akipakua wali, na ghafla upawa ukamtoka mkononi. Alishika ukingo wa meza.

"Mastura, kichwa," alisema. "Kinapasuka. Naona giza."

Bakary, kijana wa bajaji aliyekuwa akinywa chai, aliinuka mara moja. "Mshike huku, tumpandishe. Haraka!"

Njia nzima Mastura alikuwa akiutazama uso wa mama yake, upande wa kulia, kuona kama umeanza kulegea. Hakulia. Alihesabu nguzo za umeme.

Pale zahanati, Nesi Veronika alifunga kipimo mkononi mwa Salima, akasoma, akapima tena. Presha ilikuwa mia moja na tisini kwa mia moja na kumi na tano. Alimpa dawa, akamlaza kitandani, na kumwambia dereva wa gari la wagonjwa akae tayari, kwa sababu presha isiposhuka ingebidi wampeleke hospitali ya wilaya. Kisha aliuliza, "Vidonge unameza?"

"Siku moja moja," Salima alijibu kwa sauti ndogo. "Uzito umeshuka, nesi. Niko themanini na nane."

Nesi aliitupia jicho mizani iliyokuwa pembeni mwa chumba. Alipima presha kila baada ya nusu saa. Ilishuka polepole. Shaaban alifika na jembe lake begani, kwa kuwa alipewa habari akiwa shambani na hakukumbuka kuliweka chini. Salima alipoweza kusimama bila kuyumba, nesi alimpandisha kwenye mizani.

"Tisini na mbili," alisema.

"Mizani yenu ina kasoro, nesi. Mtoto hunisomea kila Ijumaa. Mwulize mwenyewe."

Wote watatu walimgeukia Mastura. Angeweza kusema kwamba mizani ya nyumbani ndiyo mbovu, na maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Lakini aliliona jembe la baba begani na kanga ya mama iliyolowa jasho.

"Mizani zote nzima," alisema. "Mimi ndiye niliyesema uongo. Mshale haukushuka hata siku moja."

"Kwa nini?" aliuliza baba.

"Mama alisema ukibaki palepale ataacha. Nikamwona mama mkubwa Umi anavyolishwa. Nikasema tisini."

Salima hakufoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Kisha akauliza, "Sasa nilikuwa nafurahia nini, siku zote hizi?"

Mastura alitaka kulia, lakini machozi hayakuja.

Nesi Veronika alivuta kiti. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Mastura, umeuficha ugonjwa wa mama yako kwa kumpenda, lakini ugonjwa haujui kama umefichwa kwa mapenzi. Na wewe, mama, vidonge vya presha havifuati mizani. Hata ungefika kilo sabini, usivipunguze mpaka uambiwe hapa."

"Nimesikia," alisema Salima. "Lakini niambie nesi, nimekosa nini? Nilikuwa nafanya vilevile kama mwanzo, na ule mshale ukagoma."

"Umejijibu mwenyewe. Wewe unapikia madereva. Lori lenye mzigo na lori tupu, lipi linakunywa mafuta mengi?"

"Lenye mzigo."

"Ulianza na kilo mia moja na nne. Ulipofika tisini na moja ulikuwa umeshusha kilo kumi na tatu. Mwili mwepesi unatumia chakula kidogo. Kile chakula kilichokuwa kikikupunguza, sasa kinautosha mwili wako, haupungui tena. Karibu kila anayepunguza uzito kwa muda mrefu hufika hapo. Ungekuja wiki ya tatu, ningekwambia." Akasogeza kiti karibu zaidi. "Ila kuna jambo jingine nataka kujua. Kibandani unaonja mara ngapi kwa siku?"

"Kuonja si kula, nesi."

"Basi fanya hivi. Siku moja tu, kila unachotaka kuonja, usitie mdomoni. Tia kwenye bakuli. Mastura alishike hilo bakuli."

Jumamosi iliyofuata walifanya hivyo. Asubuhi Salima alitia kipande cha nazi alichokimega akikuna. Kikafuata kipande cha chapati iliyoungua. Akatia mchuzi, halafu mchuzi tena baada ya kuongeza chumvi. Ukaingia wali wa kuangalia kama umeiva, mkia wa samaki ambao mteja hangeutaka, na ukoko, ukoko mwingi, kwa sababu ukoko aliupenda tangu utotoni. Dereva mmoja alimnunulia chai yenye sukari, kama kawaida yake, na hiyo Mastura aliimimina kwenye kikombe pembeni. Ilipofika alasiri bakuli lilikuwa limefurika.

Salima alilitazama. "Hiki ni chakula cha mtu mzima," alisema. "Tena mtu aliyetoka kulima." Akacheka, mara moja tu, kicheko kifupi. "Na mimi najisifu kwamba nakula nusu sahani."

Tangu siku hiyo alionja kwa kudondoshea tone moja kiganjani. Chapati zilizoungua aliwatupia kuku. Aliirudisha ile mboga aliyoipunguza, kwa kuwa nesi alisema njaa kali humfanya mtu aibe chakula chake mwenyewe bila kujua. Walipofika kwenye mikorosho asubuhi hawakugeuka tena papo hapo. Salima alishika jembe akapalilia kwa nusu saa, ili misuli ipate kazi mpya. Na kila mwezi nesi alimpima presha na kumzungushia kiunoni utepe wa kupimia, kama ule wa fundi cherehani.

Ijumaa ya kwanza baada ya zahanati, Mastura alichuchumaa mbele ya mizani, akaufuata mshale kwa kidole.

"Inasemaje?"

"Tisini na mbili."

"Asante," alisema mama, akashuka.

Ijumaa ya pili ilikuwa tisini na moja. Ya tatu, tisini na moja. Ya nne pia. Salima hakufurahi na hakulalamika. Alivaa viatu vyake akatoka kwenda kutembea, na Mastura akamfuata. Nesi alikuwa amewaambia kwamba mtu asingoje kujisikia vizuri ndipo atembee. Miguu inaweza kwenda kazini hata moyo ukiwa umelala. Mwisho wa mwezi ule mshale ulikuwa haujashuka chini ya tisini na moja, lakini presha ilikuwa imetulia, na utepe ulionyesha kiuno kimepungua upana wa vidole viwili. Salima alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akarudi kibandani.

Ijumaa ya saba, Mastura alitazama mshale, akainama zaidi, akatazama tena.

"Inasemaje?"

"Tisini. Pungufu kidogo ya tisini." Alinyanyua uso haraka. "Mama, nimwite baba naye asome?"

Salima alimtazama mtoto wake aliyekuwa amechuchumaa pale chini. "Hapana," alisema. "Umesoma wewe. Inatosha."

Alishuka, akaketi kwenye kizingiti cha mlango na kumwonyesha Mastura akae kando yake. Barabarani lori lilipita.

"Wiki iliyopita nilikuwa napalilia," alisema Salima, "mara nikashikwa na hasira. Nilikukasirikia wewe. Nikalima mistari miwili bila kuinua kichwa. Halafu nikashukuru. Siku nyingi nilikuwa sisikii kitu, hata hasira ilikuwa mgeni mwema."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe, lakini nisikilize. Tisini na moja ya kweli ningeweza kuishi nayo mwaka mzima. Themanini na nane ya uongo ilitaka kunilaza kando ya dada yangu. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli, kisha kaa naye, msaidie kuubeba. Uongo unamfurahisha kwa siku tatu, halafu unamwacha peke yake na ugonjwa wake. Na kazi ya afya haina haraka. Siku mshale ukigoma, hatudanganyi na hatuachi. Tunauliza wanaojua, tunatazama tulipokosea, tunaendelea. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama," alisema Mastura.

Ndipo machozi yakamtoka, yale yaliyokuwa yamekataa kutoka siku zote zile. Yalikuwa ya moto, na alistaajabu kwamba aliyahisi mpaka shingoni. Mama hakumwambia anyamaze. Alingoja mpaka yalipokwisha, akamfuta uso kwa kiganja, kisha wakasimama wakashika njia ya shambani kabla jua halijawa kali.