Kajicho ka Manjano Kwenye Bawa la Kushoto

Jumatano, saa moja na dakika kumi asubuhi, kwenye stoo ya uwanja wa ndege wa Migori, Metrine alifungua boksi la taa mpya akakuta nusu mche wa sabuni umefungwa kwa gazeti.

Metrine ni fundi wa ndege. Taa ilikuwa ya ncha ya bawa la kushoto, nyekundu, ya ndege ya kampuni yao iliyolala Homa Bay ikimsubiri. Kufuli la stoo, wanakoweka vipuri vyote vya kampuni, lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa shingoni mwake.

Saa mbili kasoro, Sajini Wangwe aliingia na daftari limekunjwa kama chapati. Simu ya Metrine haikutulia. Cate, bosi wao, alikuwa Homa Bay na alishasema: taa isipopatikana kufikia saa sita, Metrine arudishe leseni na aende seli.

"Sabuni yenyewe safi," Wangwe alisema akiinusa. "Mwizi wa adabu. Wengine huacha jiwe."

"Sajini, usinichekeshe. Hiyo leseni nimeitafuta miaka tisa."

"Nisipocheka nitalia, dadangu. Nani mwingine yuko hapa?"

Alikuwako Otieno, mlinzi. Ana boti Muhuru Bay, ya kuvulia omena kwa taa. Wangwe alimkuta akizunguka langoni, kofia mkononi.

"Jaduong', mzee wangu, najua unachofikiria," Otieno alianza kabla ya salamu.

"Nafikiria chai. Lakini endelea."

"Ati nimeweka taa ya ndege kwa boti! Omena inafuata taa nyeupe. Nikiwasha nyekundu huko nitavua nini? Aibu?"

"Boksi lilifikaje hapa?"

"Elvis alilileta Jumatatu saa nne, na gari, kutoka Homa Bay. Mimi nilishika mlango tu. Metrine akaliweka ndani, akafunga."

Kwenye kampuni, Elvis ndiye anayepanga kifaa gani kibadilishwe na lini, na kukiagiza. Wangwe akamwambia Metrine aingie kwa gari, waende Homa Bay kumwona.

Walipopita Rongo, saa tatu na nusu, Metrine alikuwa ameangalia saa mara kumi.

"Kwani ile ya zamani imezimika?" Wangwe aliuliza.

"Bado inawaka. Hizi hazifi ghafla kama balbu ya nyumba. Zinafifia polepole, macho yanadanganyika. Ndiyo maana pembeni kuna kajicho ka manjano. Kwa taa mpya, ukiwasha, kajicho kanabaki giza. Taa ikianza kuchoka ndiyo kanawaka, halafu unapanga kubadilisha mapema. Haka ka bawa la kushoto kalianza kuwaka mwezi wa tatu. Nikaandika ripoti siku hiyo hiyo."

"Uliandika nini?"

"'Kiashiria kinawaka.' Basi. Elvis anajua kazi yake."

Wangwe aliyarudia maneno hayo mawili njia nzima mpaka Homa Bay.

Saa tano kasoro robo, Cate na Elvis walikuwa wamesimama kando ya ndege. Elvis alikuwa anabonyezabonyeza kalamu.

"Kijana wangu, hiyo taa uliifungua ilipofika?"

"Lazima, afande. Niliijaribu mwenyewe ofisini, Jumatatu saa moja."

"Karatasi ya kupokea mzigo?"

"Ilikuwa ndani ya boksi. Imeibwa nayo."

"Pole sana. Na ikawaka?"

"Vizuri kabisa. Nyekundu, na kale kajicho ka manjano pia kakawaka. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi."

Metrine alifungua mdomo. Wangwe akamkanyaga kiatu, kidogo tu.

"Hebu tuwashie hii ya zamani."

Metrine alipanda akabonyeza swichi. Ncha ya bawa ikawaka nyekundu. Pembeni, doa dogo la manjano.

"Elvis, hako kanasema nini?"

"Kwamba umeme umefika. Kama chaja ya simu."

Cate aligeuka akamtazama. Elvis akaacha kubonyeza kalamu.

"Metrine, mwambie."

"Kanasema taa imechoka. Kwa taa mpya hakawaki, Elvis. Hiyo mpya hujawahi kuishika."

Elvis aliangalia lile doa. "Kwa hivyo ile ripoti ya mwezi wa tatu..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani unaniambia iko sawa. Sikuagiza. Mwezi jana ukauliza taa iko wapi, nikasema iko njiani. Nikaona haya kuuliza inabadilishwa kwa nini. Kila wiki ukauliza tena. Nikachukua boksi tupu la ile taa ya bawa la kulia ya mwaka jana, nikatia sabuni lipate uzito. Ingepotea Migori, hakuna mtu angeuliza kama niliiagiza."

"Ufunguo uko shingoni mwangu," Metrine alisema. "Ulijua wataniuliza mimi."

Elvis aliitia kalamu mfukoni.

"Na ile nusu nyingine ya sabuni?" Wangwe aliuliza.

"Iko nyumbani."

"Tutapitia. Seli yetu haina."

Cate alikohoa. "Metrine, nimekukosea. Lakini jioni ndege inaruka?"

"Hairuki gizani mpaka taa ije." Metrine alifungua kitabu cha ndege kwenye goti, akaandika polepole: Kajicho ka manjano kanawaka. Maana yake taa ya kushoto imechoka. Agiza mpya leo.

Kisha akampa Cate kitabu.

"Soma, bosi. Halafu uniambie umeelewa nini."